Je, Aliyegeuka Bado ni Yule Yule?

Pana kitu cha kuchezea ambacho watoto wa siku hizi wanakijua vizuri kuliko wazazi wao. Ukikitazama ni lori, lina magurudumu na taa. Mtoto akikunja hapa na kukunjua pale, akavuta mlango ukawa mkono, lori limekwisha. Mbele yako amesimama askari wa chuma mwenye kichwa, miguu na silaha. Hakuna kipande kilichoongezwa, wala kilichotupwa. Mtoto akitaka, atamrudisha kuwa lori.

Mara chache kitu kama hicho, cha plastiki hafifu, hupanda na barabara itokayo Goma hadi huku kwetu Rumangabo. Hapo watoto hushindana. Mmoja husema, "Hili ni lori linalogeuka askari." Mwenzake humjibu, "Sivyo, ni askari anayejificha ndani ya lori." Mtu mzima husikia kelele za mchezo tu. Lakini swali hilo wenye hekima wameliuliza tangu zamani sana: kitu kikibadili umbo, je, kimekuwa kingine au ni kile kile? Na mtu je?

1. Asili ya kitu hiki

Kwanza tujue habari zake. Mwaka 1980 kampuni ya Takara ya Ujapani ilianza kuuza vitu vya kuchezea vilivyoitwa Diaclone. Baadaye miongoni mwavyo yalitokea magari yaliyoweza kugeuzwa kuwa roboti. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua vitu hivyo, ikaviuza kwa jina la Transformers. Kiongozi wa upande mwema aliitwa Optimus Prime, naye aligeuka lori. Mkuu wa adui zake aliitwa Megatron, naye aligeuka bastola. Leo wako watu wazima wanaovikusanya vile vya mwaka ule, na kisanduku kisichofunguliwa bado huuzwa kwa bei kubwa.

Lakini lipo jambo moja dogo linalostahili kuangaliwa. Katika Diaclone ya Wajapani, roboti lilikuwa na dereva. Watoto waliuziwa kijitu kidogo sana wa kuketi ndani na kuliendesha. Wamarekani walipotunga hadithi yao mpya, walimwondoa dereva huyo. Roboti likawa na akili yake na jina lake. Likachagua lenyewe wema au uovu. Chombo kilikuwa kile kile, na bawaba zile zile. Kilichobadilika ni jibu la swali hili: ni nani anayeendesha?

2. Maana ya neno roboti

Neno roboti nalo lina mafundisho. Lilijulikana duniani kwa mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek, mtu wa nchi ya Wacheki, mwaka 1920. Lilitolewa katika neno la lugha yake, robota, maana yake kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa neno hilo, kwa maana katika siku za ukoloni wa Wabelgiji babu zao waliijua kazi ya namna hiyo kwa migongo yao. Basi roboti ni mtumishi asiye na hiari. Hulaumu nyundo iliyokuponda kidole, humlaumu aliyeishika. Vivyo hivyo roboti lisilo na hiari halina sifa wala lawama.

3. Mtu si roboti

Sasa tuje kwetu. Rumangabo pana makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na pana kambi kubwa ya askari. Kambi hiyo imebadili wenye kuishika mara nyingi: ilikuwa hivyo mwaka 2008, tena mwaka 2012, tena mwaka 2022. Kwa hiyo sisi tumewaona watu wakigeuka umbo mbele ya macho yetu. Aliyelima maharagwe jana, leo amevaa mavazi ya askari. Kesho huyavua na kuvaa mengine, au hurudi shambani.

Mtu wa namna hiyo akiulizwa juu ya ng'ombe wa jirani aliyechukuliwa, au juu ya jambo baya kuliko hilo, mara nyingi utasikia, "Sikuwa mimi. Ni vita. Nilitumwa." Anataka tuamini kwamba mkulima ni mmoja na askari ni mwingine, na kwamba dereva alikuwa mtu wa tatu asiyeonekana. Tutamjibu nini?

Tumjibu kwamba mikono ni ile ile. Aliyeshika jembe ndiye aliyeshika bunduki, na mama yake humwita kwa jina lile lile. Mavazi hayana akili ya kuamua. Mwaka 1945 mataifa yalipotunga mkataba wa kuwahukumu wakuu wa Wanazi kule Nürnberg, yaliandika kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa yaweza kumpunguzia adhabu. Neno hilo ni la haki. Linakubali kwamba amri ina uzito, lakini linakataa kumfanya mtu kuwa roboti.

4. Upande wa pili wa neno hilo hilo

Hata hivyo tujihadhari. Kweli tuliyoisema hukata pande mbili, na wengi wetu tunapenda upande mmoja tu.

Wako watoto waliochukuliwa porini wakapewa bunduki kabla ya kuota ndevu. Hao walikunjwa na mikono ya wengine. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto hukataza kumwingiza jeshini au katika kundi la silaha mtu asiyetimiza miaka 18. Na mwaka 2012 mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandika na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Hukumu hiyo ilimtafuta dereva, nayo ilimpata.

Lakini mtoto wa namna hiyo akirudi kijijini, tunasemaje? Wako wanaosema, "Huyu si mtoto wetu tena. Amekuwa mtu wa porini." Wazazi huwakataza watoto wao wasiketi naye benchi moja. Je, huko si kusema kwamba kwa kugeuka umbo amekuwa kitu kingine? Tulilikataa neno hilo lilipotoka kinywani mwa mtu mzima aliyekwepa lawama. Basi haki yatudai tulikatae pia litokapo kinywani mwetu. Kama yule mkulima alibaki yule yule alipovaa mavazi ya askari, mtoto naye alibaki yule yule alipobebeshwa bunduki. Alikuwa wetu alipoondoka. Ni wetu anaporudi.

Na tena, aliyebaki yule yule ndiye peke yake awezaye kuomba msamaha. Lori haliwezi kutubu kwa ajili ya bastola. Mtu aweza, kwa sababu anakumbuka na anaweza kusema, "Ni mimi." Anayekana kwamba alikuwa yeye hujifungia mlango wa kusamehewa; na anayemwambia mwenzake, "Wewe si mtu tena," humfungia mlango huo kwa nje.

Basi, walimu na wazazi, mtoto akituletea kitu hicho cha plastiki na kutuuliza ni lori au ni askari, tusimfukuze. Tumwambie kwamba kitu hicho hungoja mkono wa mwingine ukigeuze, lakini yeye ataulizwa alijigeuza nini. Kisha tumpe nafasi katika benchi, na jirani yake vilevile, hata kama jirani huyo alirudi juzi tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni wakati gani mtu husema "nilitumwa" kwa haki, na wakati gani husema hivyo kwa kukwepa?
2. Mtoto aliyelazimishwa na mtu mzima aliyechagua: hukumu zao zitofautianeje?
3. Katika mtaa wetu, ni nani tuliyemwambia kwa maneno au kwa kimya kwamba si wetu tena?