Anayenunua Kiwanja Hanunui Majira

Je, mtu anaweza kumiliki kikamilifu kipande cha ardhi ambacho kwa miezi mingi ni mchanga mkavu, kisha kwa siku chache kinageuka mto? Swali hili si la mawakili peke yao. Huko Isiolo, kaskazini mwa Kenya, limekuwa swali la kila siku tangu Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilipoutaja mji huo kuwa mahali pa kujengwa mji mpya wa kitalii, na tangu mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 ukiahidi barabara kuu, reli na bomba la mafuta kupitia hapo. Leo lami inafika Moyale, uwanja wa ndege umepanuliwa, na bikoni za wapimaji zimesimama mahali ambapo zamani palijulikana kwa majina ya visima na mapito ya mifugo. Dai langu ni kwamba anayenunua kiwanja hununua mahali, wala hanunui majira. Hupata haki ya kukaa na kujenga. Hapati haki ya kuyafungia njia maji, malisho na mapito ambayo hurejea pale kila zamu yake inapofika. Dini zinazofuatwa Isiolo zinalijua dai hili, udongo wa Isiolo unalithibitisha, na mbunifu wa mandhari anayechora shule, soko au hoteli katika kaunti hiyo anapaswa kulifanya kanuni yake ya kwanza.

Tuanze na udongo. Kusini mwa Isiolo umesimama Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na sehemu kubwa ya maji ya Ewaso Nyiro hutoka huko na kwenye safu ya Nyandarua. Kwenye miinuko ya juu ya mlima huo, kuanzia kama mita 4,000, maji yaliyomo udongoni huganda usiku na kuyeyuka mchana katika siku nyingi za mwaka. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Sindano za barafu huuinua udongo, na jua linapochomoza udongo hushuka tena, si lazima pale ulipokuwa. Katika nchi za baridi jambo hili limeunda fani nzima ya ujenzi. Msingi wa nyumba huchimbwa hadi chini ya kina kinachofikiwa na jalidi, na mpangaji wa mandhari huyaondoa maji kwanza kabla hajafikiria maua, kwa kuwa maji yakituama chini ya njia ya miguu yataiinua na kuipasua msimu wa baridi ukifika. Mji wa Isiolo, ulio kwenye kimo cha kama mita 1,100, haujui jalidi. Hata hivyo nao una ardhi inayosogea. Mahali palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi hufura mvua inaponyesha na kupasuka nyufa kiangazi kikikaza, na ukuta uliojengwa juu yake bila kujali hilo hupasuka pamoja nayo. Pengine panapita laga, mkondo wa mchanga usio na tone la maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, unaoweza kujaa kwa saa chache kwa mvua iliyonyesha mbali.

Kati ya Isiolo na nchi za baridi, hata hivyo, kuna tofauti yenye uzito wa kimaadili. Baridi hurudi kila mwaka, na kwa hiyo mjenzi wa huko hawezi kuisahau hata akitaka. Huko Isiolo, ukame na mafuriko havifuati kalenda. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilikuwa haba mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi kote kaskazini mwa Kenya. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko katika maeneo yale yale. Aliyenunua kiwanja mwaka 2021 kando ya laga aliona mchanga mkavu, na ramani yake ilionyesha mchanga mkavu. Hakudanganywa na yeyote, ila alionyeshwa ardhi katika hali yake moja tu. Mahali ambapo majira hayajirudii kwa mpango, kukumbuka kunakuwa wajibu, na wajibu huo lazima upate wa kuubeba, la sivyo kila kizazi kitajenga juu ya njia ya maji kikidhani ndicho cha kwanza kufika.

Waborana wa Waso, wafugaji wa Isiolo, waliukabidhi wajibu huo kwa dedha, baraza la wazee linalosimamia malisho na maji. Chini ya utaratibu wake ardhi hugawanywa kwa matumizi ya wakati: malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka ukame uwe mkali. Kisimani, abba herega hupanga zamu ya kunywesha mifugo. Mgeni anayetazama malisho ya akiba mwezi ambao hayatumiki ataona nyasi na ndege, ataandika kwamba ardhi ni tupu. Kumbe inafanya kazi yake kuu, nayo ni kungoja. Historia imeonyesha kinachotokea kungoja huko na kuhama huko vikizuiwa. Wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo kambini na kuwakataza kuhama na mifugo yao. Waborana wanazikumbuka siku zile kwa jina la Daaba. Mifugo iliangamia, na jamaa nyingi zilizokuwa na uwezo zikabaki maskini. Ardhi ilikuwa ile ile, ekari zile zile. Kilichoondolewa ni majira yake.

Dini zina la kusema hapa, na zinasema kwa usahihi kuliko tunavyodhani. Waislamu wanajua kutoka Suratul Baqara kwamba mwanadamu aliwekwa kuwa khalifa katika ardhi, na khalifa hushika kwa niaba ya mwingine. Lakini fiqhi haikuishia kwenye heshima hiyo ya jumla. Iliweka harimu, yaani eneo linalozunguka kisima, mto au makazi, ambalo haliwezi kuwa mali ya mtu binafsi kwa sababu kitu kinachozungukwa hakiwezi kutumika bila hilo. Kuna hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayompa aliyechimba kisima dhiraa 40 kukizunguka kwa ajili ya mifugo yake kupumzika. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anahesabu katika Minhaj al-Talibin, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wanakisoma hadi leo, kwamba katika harimu ya kijiji mna uwanja wa watu kukutania, mahali pa kukimbizia farasi, mahali ngamia wanapopigishwa magoti, na mahali pa kutupia majivu. Kila mojawapo huonekana tupu kwa sehemu kubwa ya siku. Nawawi anaviweka nje ya soko la ardhi kwa sababu kijiji hupimwa kwa yote yanayotendeka ndani yake mwaka mzima. Wakristo wa Isiolo, Waturkana, Wasamburu na Wameru miongoni mwao, wanalo fundisho linalokaribiana na hilo katika Mambo ya Walawi 25: ardhi ipumzike mwaka wa saba, wala isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu na watu ni wageni wake. Dini mbili, kwa njia mbili tofauti, zinakataa kwamba pumziko la ardhi ni kasoro ya kutibiwa kwa kujenga.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozuka, nalo linatoka ndani ya dini yenyewe. Mtume amepokewa akifundisha kwamba anayehuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake. Je, mwekezaji anayejenga hoteli penye vumbi hahuishi ardhi iliyokufa? Jibu linategemea nini kinahesabiwa kuwa kifo. Mafakihi hawakukubali kwamba kila ardhi isiyo na jengo imekufa. Waliitoa nje ya hukumu hiyo ardhi iliyo harimu ya makazi, na Abu Hanifa alishurutisha pia idhini ya mtawala ili mtu asijitwalie kwa nguvu zake. Kuna hadithi nyingine inayowafanya watu washirika katika maji, malisho na moto, na nyingine inayokataza mtu kuzuia maji ya ziada ili apate kuzuia malisho. Ukizisoma pamoja, kanuni ya kuhuisha inamtukuza anayeongeza uhai mahali usipokuwepo. Haimpi ruhusa anayeuondoa uhai wa wengine mahali ambapo yeye ameshindwa kuuona. Malisho ya akiba yaliyowekewa ukuta hayakuhuishwa, yameuawa.

Pingamizi la pili ni la wahandisi, na linastahili heshima. Wanasema kwamba maji yana hesabu: weka kalvati kubwa ya kutosha, chimba mtaro, badilisha udongo unaofura kwa kokoto iliyoshindiliwa, na kiwanja kitakalika. Ni kweli, na mji hauwezi kuwepo bila kazi hiyo. Lakini hesabu hiyo hukilinda kiwanja kimoja kwa kuyasukuma maji kwa jirani. Ua mzima ukitandikwa kabro hadi ukutani, mvua ambayo ingezama ardhini hutoka langoni kwa kasi na kuingia kwa mtu wa chini, ambaye mara nyingi ndiye mwenye nyumba duni zaidi. Sheria ya Kenya inalijua hili kwa kiasi: kanuni za maji za mwaka 2007 zilitenga ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto. Ugumu uko kwa laga, ambayo siku nyingi haifanani na mto machoni pa mpimaji wala mnunuzi. Kwa hiyo uhandisi unajibu swali la jinsi ya kukilinda kiwanja. Swali la nani abebe maji yaliyofukuzwa pale ni la haki, na haki haipatikani kwa kuongeza kipenyo cha kalvati.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Watu wanahitaji nyumba, zahanati na ajira. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti hii, vijana wengi hawatarudi kwenye ufugaji, na mama anayetafuta kiwanja cha kujenga vyumba viwili hana nafasi ya kusikiliza falsafa ya majira. Tena wapo wanaosema kwamba dedha ni baraza la wanaume wazee, kwamba limedhoofika, na kwamba halizisemei jamii zote za Isiolo, na kwamba Katiba ya 2010 inakataza kuwepo kwa dini ya taifa. Yote haya nayakubali. Lakini hakuna linalolifuta dai. Anayeumia kwanza laga ikijaa ni mama yule yule wa vyumba viwili, kwa kuwa kiwanja cha bei nafuu mara nyingi ndicho kile ambacho waliojua njia ya maji walikikwepa. Kumwambia ukweli kuhusu majira ni sehemu ya haki yake ya makazi. Udhaifu wa dedha nao ni sababu ya kuwaingiza wanawake, vijana na jamii nyingine katika usimamizi wa ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imefungua mlango huo. Na serikali isiyo na dini inaweza kukubali hoja ambayo Mwislamu anaifikia kwa harimu, Mkristo kwa pumziko la ardhi na mhandisi mwaminifu kwa kipimo cha mafuriko, pasipo kuwa mfuasi wa yeyote kati yao.

Inamaanisha nini basi kuchora mandhari ya kiwanja Isiolo kwa kufuata dai hili? Kwanza ni kuanza na ramani ya wakati: maji yalipita wapi katika mvua kubwa ambayo wenyeji wanaikumbuka, mifugo hupita wapi kiangazi, kisima kinahitaji nafasi kiasi gani ng'ombe na ngamia wanapongoja zamu. Majengo yakae mahali palipobaki baada ya hayo kutengwa. Ua uachiwe udongo ulio wazi wa kunywa mvua, na mgunga uliokuwepo uachwe kwa kuwa umeshathibitisha kwamba unaweza kukaa pale. Hata wema wa kupanda miti unahitaji kumbukumbu hii. Mti uitwao mathenge uliletwa katika maeneo kame ya Kenya kwa nia njema ya kuzuia jangwa, ukapandwa Baringo katika miaka ya 1980, na baadaye ukateka malisho na kingo za mito hata wenyeji wa huko wakaishtaki serikali. Mti ule ulichaguliwa kwa sifa ya kustahimili ukame, pasipo kuulizwa utafanya nini mvua itakaporudi na mifugo ikayabeba maganda yake. Nia njema iliyoangalia msimu mmoja ilizaa madhara ya misimu yote iliyofuata.

Kwa sababu hiyo naona kwamba idhini ya kujenga isitolewe Isiolo mpaka mchoro uonyeshe kiwanja kile kikiwa katika mafuriko na kikiwa katika mwaka wa tatu wa ukame, na uonyeshe jirani wa chini atapata nini katika hali zote mbili. Hatimiliki iendelee kumlinda mwenye nyumba dhidi ya mnyang'anyi, na isitumiwe kamwe kumnyang'anya mfugaji mapito yake wala maji njia yake. Mashekhe na wachungaji wanaoombwa kubariki misingi ya majengo wanayo nafasi ambayo afisa wa mipango hana: wanaweza kuuliza, kabla ya dua, harimu ya mahali pale iko wapi na nani aliyeipima. Wakiuliza kila mara, mwenye kujenga atajifunza kuja na jibu.