Je, Yafaa Mkristo Kupanda Ua Lisiloliwa?



Wako watu katika sharika zetu waulizao swali hili, wala si swali la kuchekwa. Mkristo mwenye kiwanja kidogo, mwenye watoto wa kulisha na ada ya shule ya kulipa, yafaa apande maua mlangoni pake? Ua halitiwi chunguni, wala halishibishi mtu. Wengine hujibu upesi ya kuwa huo ni upotevu, tena ni kuiga desturi za kigeni. Hutukumbusha na mithali isemayo, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi na tulipime neno hili kwa utulivu, tukitumia ua la kwetu wenyewe.

Nasema la kwetu, kwa kuwa watu wengi wakisikia habari za bustani ya maua huwaza maua ya Ulaya, kama tulipu. Tulipu haistawi pwani yetu, maana kitunguu chake chahitaji kulala katika baridi kwa majuma mengi kabla ya kuchanua. Lakini katika misitu ya Amani na milima yote ya Usambara ya Mashariki liko ua dogo, lenye majani ya manyoya laini na rangi ya urujuani, na katikati yake alama ya manjano. Huota juu ya miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya huku Tanga katika utawala wa Kijerumani, aliliona akampelekea baba yake Ujerumani. Baba yake akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limeenea duniani. Leo lakaa madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Wajerumani huliita ua la urujuani la Usambara hata leo. Nasi tulio jirani zake, wengi wetu tumelipita njiani tusilitazame. Penye miti hapana wajenzi.

Sasa turudi kwa swali. Kwanza, tusome sura ya pili ya Mwanzo. Pale Mungu alipoiotesha miti ya bustani, Maandiko yataja mambo mawili: kwamba ilipendeza macho, na kwamba ilifaa kuliwa. Kupendeza kwatajwa kwanza. Tena Bwana wetu, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wasisumbuke kwa mavazi, aliwaambia wayatazame maua ya kondeni. Mtu asiye na nafasi ya kutazama ua, je, atalisikiaje fundisho hilo? Na baba yetu Luther, alipojadiliana na Eck mjini Leipzig mwaka 1519, mmoja wa waliokuwapo aliandika kwamba alikuwa na maua mkononi, akiyatazama na kuyanusa. Siku ile palikuwa na mambo mazito ya imani, wala maua hayakuyapunguzia uzito.

Lakini mwenye kupinga atasema: Je, maskini? Neno hili lina nguvu, wala tusiliruke. Ni kweli kwamba kule Bethania aliyeuliza kwa nini marhamu haikuuzwa wapewe maskini hakuwa na huruma nao. Lakini si kila aulizaye hivyo ni mwizi. Yuko mjane ambaye kila shubiri ya kiwanja chake ni chakula. Huyo asifundishwe na mtu yeyote kung'oa mhogo ili apande ua. Na aliye na bustani nzuri, hali mtoto wa jirani alala na njaa, bustani ile yamshuhudia vibaya. Hata hivyo ua dogo katika kopo la zamani, barazani kivulini, halimnyang'anyi mtu shamba. Tena mkono utunzao ua ndio utunzao chakula. Huko Amani, Wajerumani walikoanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, walipanda miti na maua ya nchi nyingi. Na mahali pale pale, katika miaka ya 1930, wataalamu wa zamani za Waingereza walichanganya mbegu za mihogo ili kupata mihogo ivumiliayo ugonjwa wa batobato. Jicho lililozoea kuangalia jani moja kwa upendo huona upesi jani lililo gonjwa.

Kwa hiyo ubaya hauko katika ua. Uko katika moyo utakao kulimiliki. Waholanzi walipata fundisho hilo kwa hasara. Tulipu iliyowafikia kutoka nchi za Waturuki waliipenda kwanza kwa uzuri wake. Baadaye wakaanza kuuziana vitunguu vingali ardhini, kwa matumaini ya faida tu, hata kitunguu kimoja kikalingana bei na nyumba. Mwezi wa Februari mwaka 1637 wanunuzi wakakosekana, bei zikaanguka. Ua lilikuwa lile lile, bali watu walikuwa wameacha kulitazama.

Na kwetu pia liko jaribu la namna hiyo. Ua la Usambara halina nguvu ya kuhama. Hukaa mwambani pake, na kivuli kikiondolewa hukauka. Mtu akikata miti iliyo juu yake, ameliua asiliguse. Akiling'oa na mizizi ili aliuze, amechukua kisichorudi upesi. Twaweza kunung'unika kwamba lilichukuliwa likapewa jina la baroni, wala si jina la watu wa milima hii. Na manung'uniko hayo yana haki yake. Lakini itatufaa nini kumlaumu aliyechukua ua, ikiwa sisi tunaharibu kivuli chake? Walio ng'ambo wameweza kulizidisha madirishani. Kivuli cha msitu wake hakiwezi kuwekwa dirishani. Hicho kimeachwa mikononi mwetu. Serikali iliutenga msitu wa Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na hilo ni jema. Bali sheria hulinda mpaka, haifundishi kupenda.

Tena angalieni jinsi Mungu alivyofunga mambo pamoja. Msitu ule ule ulindao ua lisiloliwa ndio uulindao mto Sigi, na maji ya mto huo hukusanywa katika bwawa la Mabayani, wakanywa watu wa mji wa Tanga. Sisemi kwamba ua ni jema kwa sababu ya maji. Ua ni jema kwa sababu Mungu alipenda liwepo. Nasema kwamba adharauye kisicho na faida, mara nyingi hukata na chenye faida asijue.

Basi, atakaye kulipanda afanye hivi. Asiende msituni kung'oa. Amwombe jirani aliye nalo, au anunue kwa wauzao miche iliyopandwa bustanini. Jani moja latosha. Likate pamoja na kikonyo chake, ulichomeke kwa kulalia katika udongo mwepesi wa majani yaliyooza, ulioloweshwa kidogo. Uliweke kivulini penye mwanga, lisipigwe na jua kali. Baada ya majuma kadhaa hutoa mizizi, kisha vichipukizi vidogo hutokea chini yake. Umwagilie udongo, si majani, wala usiache maji yatuame. Mche wa jirani yako hubaki mzima, nawe una wako. Na siku moja utampa mwingine jani.

Wainjilisti wenzangu, wafundisheni watoto wa kipaimara kazi hii ndogo wasomapo imani ya Mungu Baba, Mwumbaji wa vyote. Wajifunze kwamba kiko kitu kiwezacho kupendwa bila kunyakuliwa, na kugawiwa bila kupungua. Mungu Mwenyezi atupe macho ya kuyatazama aliyoyafanya, na mikono iachayo kivuli kwa wajao nyuma yetu.