Nyumba Ambayo Kobe Haibebi

Hadithi za utotoni zilitufundisha kwamba kobe halali nje, maana nyumba yake ipo mgongoni. Yuko kobe mmoja ambaye maisha yake yanaikana hadithi hiyo. Ni kobe wa kinamasi wa Australia Magharibi, ambaye wanasayansi humwita Pseudemydura umbrina. Ana shingo fupi na gamba la sentimita 15 hivi, na makazi yake ya asili yamebaki vipande vichache vya ardhi ya mfinyanzi karibu na jiji la Perth.

Vinamasi hivyo havina maji mwaka mzima. Mvua za majira ya baridi huanza kuvijaza mnamo Juni, na kobe huibuka kuwinda viluwiluwi, wadudu wa majini na viumbe wengine wadogo. Hula akiwa majini tu. Kufikia Novemba maji yanakauka. Jike huchimba kiota kwa miguu ya mbele, jambo la ajabu kwa jamii ya kobe, akataga mayai matatu hadi matano, mara moja tu kwa mwaka. Kisha wote hujichimbia shimoni au chini ya majani makavu, wakalala karibu nusu mwaka. Mayai nayo hungoja ardhini mpaka mvua irudi.

Sisi tunaopima uhai kwa shughuli tungesema nusu ya maisha hayo imepotea. Mimi naona kinyume: usingizi ule una maana kwa sababu mvua ipo njiani. Mwili wa kobe huyu umeumbwa kuifuata ahadi ya mvua, na pasipo ahadi hiyo gamba lake ni ganda tu.

Mwaka 1839 Mjerumani Ludwig Preiss alikusanya kobe mmoja wa aina hii, akafikishwa katika jumba la makumbusho la Vienna. Aina hiyo ilipewa jina la kisayansi mwaka 1901. Baada ya huyo wa 1839, wanasayansi hawakupata mwingine hadi 1953. Katika miaka hiyo yote vinamasi vilikuwa vikikaushwa kwa ajili ya mashamba na nyumba, na mfinyanzi ukichimbwa wa kufyatulia matofali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliojulikana kuwa hai hawakufika 50. Bustani ya wanyama ya Perth ikaanza kuwazalisha, kazi iliyosukumwa na mtaalamu Gerald Kuchling, na vifaranga vikapatikana kwa mamia.

Hata hivyo, kuzalisha hakuleti mvua. Tangu miaka ya 1970 mvua ya upande huo imepungua, na kifaranga ambaye maji yamemkaukia kabla hajapata uzito wa kutosha hawezi kuvuka kiangazi chake cha kwanza. Katika hifadhi ya Twin Swamps, maji ya kisima hupampiwa ndani ya kinamasi. Mwaka 2016 kobe wachanga 24 walipelekwa mbali kusini, kwenye baridi na unyevu zaidi, mahali ambapo aina yao haikujulikana kuwahi kuishi.

Hapo ndipo swali linaponikaba. Tukimwondoa kiumbe kwenye maji yaliyomfunza lini alale na lini aamke, tumemwokoa nani? Damu ni ile ile. Uhusiano wa vizazi na vizazi kati yake na udongo mmoja umekatika. Nawaunga mkono waliowahamisha, kwani aliye hai ugenini anaweza kuanza uhusiano mwingine, na aliyekufa hawezi. Ila huo ni wokovu wa nusu, na nusu ya pili inatudai.

Kwa hiyo kobe anayehamishwa asigeuzwe ruhusa ya kukiachia kinamasi kingine kikauke. Hifadhi ya Ellen Brook, iliyotengwa mwaka 1962, bado ina kobe hawa katika makazi yao ya asili. Hapo ndipo pa kulindwa kwanza.