Mahali pa Sala Nyumbani



Wapendwa Wakristo wenzangu, mara kwa mara baada ya Misa naulizwa swali hili: "Mwalimu, sisi tunaoishi chumba kimoja na watoto wanne, hicho chumba cha kusalia tutakipata wapi?" Ni swali la haki. Katika Mathayo 6:6 Bwana wetu anatuagiza tusali faraghani na mlango ukiwa umefungwa. Lakini nyumba zetu za Temeke, Mbagala na Tandale tunazijua: vyumba sita, ukumbi katikati, wapangaji sita, bomba moja uani. Huku redio, kule mtoto analia, na nje bodaboda zinapita mpaka usiku wa manane.

Nitajibu, ila nianze na kosa langu mwenyewe.

Mke wangu alipofariki, Bwana amrehemu, nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya vyumba viwili na sebule. Kile chumba cha pili nikakifanya cha sala. Nilikipaka chokaa, nikaweka meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, Biblia na Kitabu cha Sala, na kiti chenye mto kwa ajili ya magoti yangu ya uzee. Nilistarehe mno. Nilikaa humo saa nzima bila kusikia uchovu, nikamshukuru Mungu.

Kisha mwanangu alipunguzwa kazini, kodi ikamshinda, akarudi nyumbani na mkewe na watoto watatu. Niliwapa sebule, wakatandika magodoro sakafuni. Chumba cha sala sikukigusa. Nilijiambia kwamba hicho ni cha Mungu, si changu cha kugawa. Kila alfajiri niliruka miguu ya wajukuu zangu waliolala, nikaingia, nikafunga mlango, nikasali. Mwanangu hakusema neno. Mambo yakaenda hivyo miezi miwili.

Katika Kwaresima nilisoma 2 Wafalme sura ya 4, habari ya yule mwanamke wa Shunemu. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi darasani. Mama yule alijenga chumba kidogo, akaweka kitanda, meza, kiti na taa. Nilikuwa nikikitazama chumba changu na kukifananisha na chake. Siku ile nikaona nisilowahi kuliona: hakukijenga kwa ajili yake. Alikijenga ili ampe mgeni, mtumishi wa Mungu Elisha. Na mtoto wake alipokufa, alimlaza katika kitanda kile kile. Humo ndimo nabii alimofunga mlango akasali, na mtoto akafufuka. Chumba alichokitoa ndicho kilichomrudishia mwanawe. Nami nilikuwa nimekifunga changu mbele ya wanangu, nikaita ibada.

Siku ile ile nilihamisha meza. Nilimwomba mwanangu radhi, na ndugu zangu, kwa baba wa umri wangu jambo hilo si jepesi. Sasa watu watano wanalala chumbani humo, nami nasali katika pembe ya chumba changu, kati ya kabati na dirisha.

Kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu aliyejaribu njia zote mbili.

Kwanza, mahali. Pembe inatosha. La maana ni kwamba pawe pale pale kila siku, maana mwili nao hujifunza, na ukikaa hapo moyo unaanza kutulia wenyewe. Weka msalaba, Biblia na Kitabu cha Sala, basi. Kama huna hata pembe, viweke katika kikapu, uvitoe saa ya sala na kuvirudisha. Usisalie kitandani kama unaweza kuepuka, kwani kitanda kina kazi yake na kitakudai.

Pili, kiti. Wengine wanadhani sala bila maumivu haifiki. Vijana na wapige magoti. Lakini mwenye ugonjwa wa miguu, mama mjamzito na mzee waketi juu ya kigoda au kiti, mgongo wima, miguu ikigusa chini. Mwili usipolalamika, roho inapata nafasi.

Tatu, hewa na mbu. Joto la Dar es Salaam halihitaji kuelezwa. Keti karibu na dirisha lenye wavu, au jifunike kanga miguuni. Anayepiga mbu hasali. Simu uizime, nayo uiache mbali.

Nne, saa. Marko 1:35 inatuambia kwamba Bwana wetu aliondoka kabla ya kupambazuka akaenda kusali peke yake. Saa kumi na moja alfajiri, jirani zetu Waislamu wanapoitwa na adhana, mimi nami huamka. Ndiyo saa ya utulivu kuliko zote mtaani kwetu. Ukikosa maneno, Kanisa letu limekuandalia: tangu mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kianglikana kilizikusanya sala nyingi za watawa kuwa mbili, ya Asubuhi na ya Jioni, ili mtu wa kazi naye aweze kusali kwa lugha yake.

Tano, watu wa nyumbani. Waambie wazi, "Dakika hizi kumi nazungumza na Mungu." Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Kianglikana huko Epworth, Uingereza, alizaa watoto 19, na miongoni mwao ni John na Charles Wesley. Husimuliwa kwamba alipotaka kusali alijifunika kichwa kwa aproni yake, na watoto wakajua kwamba mama asisumbuliwe. Mama zangu, ninyi kanga mnazo.

Lakini wakikuhitaji kweli, inuka. Someni Marko 1 mbele kidogo: wanafunzi walimfuata Bwana pale pale alipokuwa akisali, wakamwambia kwamba watu wanamtafuta. Hakuwafukuza. Aliondoka akaenda nao kazini. Sala isiyoweza kuinuka kumfungulia mtu mlango, ina kasoro.

Mwanangu bado anatafuta kazi, na nawaomba mmkumbuke katika sala zenu. Pembe yangu si ya starehe kama kile chumba; kabati linanibana bega. Lakini tangu Pasaka mjukuu wangu wa kati, mwenye miaka saba, huja alfajiri na kigoda chake bila kuitwa. Huketi kimya, mara nyingine husinzia. Juzi aliniuliza kama bibi yake anatusikia. Katika chumba kile kilichofungwa, swali hilo nisingeliulizwa kamwe.

Anzeni na pembe, ndugu zangu. Bwana awe nanyi.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu