Binti Akikimbiza Mpira, Tunaona Nini?



Mpendwa kijana, leo tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kama utani tu. Wasichana wakiingia uwanjani kucheza mpira wa miguu, iwe Tunduma, Vwawa au Mlowo, watu hujaa pembeni. Sasa wasikilize wanachosema. "Yule jike dume." "Nani atamuoa huyo?" Mvulana akikosa goli anaambiwa hana shabaha. Msichana akikosa anaambiwa arudi jikoni, na akifunga anaambiwa si mwanamke kamili. Jamani, afanye lipi sasa?

Swali langu ni hili: maneno hayo ni utani kweli, au ni dhambi ambayo tumeizoea?

Tuanze na tunachokiona kila siku. Pale mpakani na Nakonde, akina mama wanabeba mizigo mizito tangu alfajiri. Huku Mbozi, wasichana wanapalilia mashamba ya kahawa na mahindi, halafu wanapanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani. Umewahi kusikia mtu akisema kazi hizo zinamharibia binti uanamke wake? Hapana. Tena tunamsifu: "Huyu ndiye mwanamke, ana nguvu." Lakini ikifika saa kumi jioni, miguu ile ile ikavaa njumu na kukimbiza mpira, ghafla tunasema anajiharibu.

Kilichobadilika ni nini? Mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba saa hizi nguvu zake hazitutumikii sisi. Anacheza. Anafurahi. Nadhani hapo ndipo shida yetu ilipo: tunaipenda nguvu ya mwanamke ikituletea maji, tunaionea aibu ikimletea yeye furaha.

Mungu haoni hivyo. Nabii Zekaria, sura ya 8 mstari wa 5, anapoeleza Yerusalemu iliyoponywa, hatuoneshi hekalu peke yake. Anatuonesha barabara za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Wote wawili wametajwa. Kwa nabii huyu, binti anayecheza bila hofu ni dalili kwamba Mungu amerudi kukaa na watu wake.

Hukumu juu ya mwili wa wachezaji wa kike haiko vijiweni tu. Agosti 2021, katika hafla ya kuipongeza timu ya wanaume ya chini ya miaka 23 kwa kutwaa kombe la CECAFA, Rais Samia Suluhu Hassan alisema baadhi ya wachezaji wa kike, kwa jinsi vifua vyao vilivyo, mtu anaweza kudhani ni wanaume. Mjadala ukawa mkubwa. Tuseme haki: katika hotuba ile aliuliza pia wataishije miguu ikichoka, na hilo ni swali la maana. Lakini wengi walibaki na lile la vifua. Oktoba mwaka huo huo Twiga Stars wakaifunga Malawi 1-0 kwenye fainali na kutwaa kombe la COSAFA. Mwaka 2022 Serengeti Girls wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, baada ya kuifunga Ufaransa.

Tukivuka mpaka tu, Zambia wana Barbra Banda, mchezaji bora wa kike wa Afrika mwaka 2024. Mwaka huo huo alipopewa tuzo ya BBC, mitandao ilijaa watu wa nchi za mbali wakimwita mwanaume. Umeona? Ushindi haukumkinga. Ndiyo maana tusiseme, "Tuwaheshimu kwa sababu wanaleta makombe." Heshima siyo zawadi ya ushindi. Binti wa Mpemba ambaye hataitwa timu ya taifa hata siku moja ameumbwa kwa mfano wa Mungu sawasawa na Banda.

Najua utaniuliza maswali.

"Lakini huu siyo utamaduni wetu." Basi jua kwamba Uingereza, mpira ulikotokea, chama chao cha soka kiliwafungia wanawake viwanja vyake mwaka 1921, kikisema mchezo huo haufai kwao. Marufuku ile ilidumu karibu miaka 50. Maneno tunayoyaita mila zetu, Wazungu waliyasema kabla yetu. Na Vatican yenyewe ina timu ya mpira ya wanawake tangu 2019.

"Je, usalama wao?" Hii hofu ya wazazi ni halali, tusiicheke. Wapo watu wazima wanaotumia michezo kuwaharibu watoto. Lakini dawa ni ulinzi: mlezi mwanamke awepo, mazoezi yaishe kabla ya giza, mzazi amjue kocha. Mnyanyasaji ndiye wa kuondolewa uwanjani, siyo binti.

"Na ndoa je?" Ndoa ni wito mtakatifu. Ila sisi Wakatoliki tunawaheshimu masista wetu bila kuuliza nani amewaoa. Tunakiri kwa hilo kwamba thamani ya mwanamke haisubiri posa. Kwa nini tunasahau tukifika uwanjani?

Sasa turudi kwenye swali letu. Amri ya nane haikatazi uongo wa mahakamani tu. Katekisimu inatufundisha kwamba hata neno au mtazamo unaomharibia mwenzako heshima yake bila haki ni kosa. Ukimwambia msichana mbele ya watu kwamba yeye siyo mwanamke, umesema uongo juu ya kazi ya Mungu, na umeusema kwa kicheko ili usijibiwe. Ukweli mchungu ni kwamba wasichana wengi hawaachi mpira kwa sababu ya kuumia goti. Wanaacha kimya kimya, kwa aibu tuliyowapa sisi.

Wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Kwenye kibanda umiza au kijiweni, utani wa "jike dume" ukianza, usicheke. Kutocheka tu kunapunguza nguvu yake.

2. Bonanza la VIWAWA parokiani likipangwa, wasichana wapewe mechi yao na muda wa maana, siyo dakika kumi za kuchekesha watu kabla ya mechi ya kaka zao.

3. Nyumbani, kaka, chota ndoo moja ili dada yako awahi mazoezi. Hii ni toba inayoonekana.

Na wewe dada unayecheza: usiombe msamaha kwa nguvu ulizopewa. Cheza, sali, soma, na jilinde.

Tuombe: Ee Mungu uliyetuumba mume na mke kwa mfano wako, takasa macho yetu na ndimi zetu. Utujalie kufurahi watoto wako wote wanapocheza mbele yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.