Mama, Unauza?

Jumanne asubuhi nilipata kiti cha dirishani kwenye mwendokasi pale Kimara. Anayeijua mwendokasi ya saa moja asubuhi ataelewa kwamba hilo peke yake lingetosha kuwa habari ya wiki. Nikatoa sindano yangu ya kufumia, ile moja yenye ncha ya ndoano, na donge la uzi wa rangi ya maziwa, nikaendelea na kitambaa nilichokianza Jumapili. Ni ua la vitanzi vitano vitano, unaruka viwili, unarudia. Ukinisemesha katikati, hesabu inapotea.

Ubungo jirani yangu akashuka, akakaa kijana mwenye begi kubwa mapajani. Alipolifungua kidogo niliona limejaa makava ya simu, ya kila rangi, yamefungwa kwa mipira kama mafungu ya mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaitazama mikono yangu mpaka tukapita kituo kizima. Kisha: "Mama, hicho unauza shilingi ngapi?"

"Siuzi, baba."

"Oda ya mtu?"

"Hapana."

"Zawadi?"

"Wala. Nafuma tu."

Akanyamaza, kama mtu aliyesikia siri ya familia ya wenyewe. Halafu, kwa upole kabisa, akauliza: "Sasa unafanyia nini?"

Tangu Jumanne swali hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nimelimeza na tonge la ugali, nimelinywea maji, bado lipo. Si kwamba kijana alikuwa na utovu wa adabu. Alikuwa na adabu kuliko wengi ninaofanya nao kazi. Kutoka Shekilango hadi Magomeni alinipa somo zima bila kunitoza senti: nipige picha kwenye mwanga wa asubuhi, nifungue ukurasa, niweke bei "njoo inbox", nitafute wasichana wawili wa kunisaidia, na baada ya miezi sita nikakope. "Mama, hiyo ni fursa umeikalia," alisema.

Fursa! Hakuna neno lililochoshwa siku hizi kama hili. Liko kwenye mahubiri, liko kwenye vikao vya harusi. Mwezi uliopita nililisikia msibani, bwana mmoja akieleza, jeneza bado liko sebuleni, namna mashada ya maua yanavyolipa.

Mimi nimekulia Morogoro, kwenye nyumba ambayo hakuna kitu kilichokuwa uchi. Viti vilivaa vitambaa mgongoni na mikononi, meza ilivaa, redio ya Philips ilivaa. Simu ya mezani ilipofungwa kwa jirani, mama alimfumia kitambaa cha kuivalisha kabla waya haujakauka rangi. Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wanatazama picha za rangi tangu 1973. Kwa hiyo TV ya kwanza kuingia kwetu, yenye chogo kubwa, ilipokelewa kama mgeni wa serikali. Mama alikuwa na kitambaa chake tayari. Alikifuma kwa kukisia, hajawahi hata kuipima.

Kilikuwa na ncha ya pembe tatu iliyoning'inia mbele, katikati ya kioo. Taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, mmoja wetu alipangiwa kuinyanyua ile ncha, maana bila hivyo msomaji wa habari alionekana kuanzia kidevu tu. Baba alilalamika miaka minane. Ncha haikukatwa.

Mwanzoni mwa 2013 mama alikuja kunitembelea Dar es Salaam. Mitambo ya analojia ilikuwa imezimwa huku tarehe 31 Desemba, nami nilikuwa nimenunua vyote viwili kwa mkupuo, king'amuzi na TV bapa ya kutundika ukutani. Mama akafungua mkoba, akatoa kitambaa kipya cha TV. Akasimama mbele ya ule ubao mweusi, akautazama juu, akautazama kwa upande, akapitisha kidole kwenye ukingo wake ambao usingebeba hata kijiti cha kiberiti.

"Mwanangu," akasema, "sasa hii naiweka wapi?"

Akakiweka juu ya king'amuzi. Jioni ile rimoti ikagoma. Tukabadilisha betri, tukampigia fundi, fundi akaahidi kuja kesho. Ni mjukuu wake ndiye aliyegundua kwamba ncha ya bibi imeziba kijicho cha king'amuzi. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu tunabadilisha chaneli kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeinua ua.

Ningekuwa mwandishi wa uongo ningesema mama hakuwahi kuuza hata kimoja. Aliuza. Kuna miaka mshahara wa mwalimu haukufika tarehe 40, na sare zetu zilitoka kwenye ile sindano. Lakini alikuwa na mifuko miwili. Mmoja aliuita "vya watu", mwingine "vyangu". Vya watu vilikuwa vyeupe vitupu, vya uzi wa bei nafuu, navyo alivifuma mchana, mgongo wima, akitazama saa. Vyangu vilitoka usiku baada ya vyombo kuoshwa, rangi tatu nne, na humo ndimo alimojaribu maua asiyoyajua. Mteja akikipenda cha mfuko wa pili, aliambiwa atafumiwa kinachofanana nacho. Hakukipata kile chenyewe. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, maana kwa mtoto hayo yalikuwa mambo ya kawaida kama kuwa na kanga ya nyumbani na kanga ya kutokea.

Mimi nilikosea mfuko. Miaka michache iliyopita binti yangu alinifungulia ukurasa, akapiga picha nzuri kuliko vitambaa vyenyewe, na oda zikaja. Ya kwanza ilikuwa seti ya makochi ya viti saba: mgongo saba, mikono minane, na cha meza. Kila cha mgongo kilinichukua saa tano, kila cha mkono saa mbili na nusu, cha meza saa kumi. Jumla saa 65. Tulipatana shilingi 150,000, baada ya mteja kuniuliza mara tatu kwa nini ghali hivyo wakati "ni uzi tu". Uzi ulikula 60,000. Gawanya mwenyewe: shilingi 1,384 na ushei kwa saa, bei ya mayai matatu, nauli ya kupeleka mzigo bado. Mzigo ulipofika nikaambiwa rangi si ile ya kwenye picha.

Mtu atasema nitafute mashine. Haipo. Sweta na soksi zilipata mashine yake zamani sana, William Lee wa Uingereza alibuni ya kwanza mwaka 1589, lakini kazi hii ya ndoano moja viwanda mpaka leo havijaiweza. Kitambaa cha kurosheti cha kweli ukikiona popote duniani, hata kikiwa cha bei ya kutupa kwenye fremu ya duka, kuna vidole vya mtu vilivyokipitia kitanzi kwa kitanzi. Ukitaka faida zaidi, cha kubana ni vile vidole.

Hata hivyo, si mayai matatu yaliyonitoa. Watu wanaishi kwa chini ya hapo. Kilichonitoa ni kwamba niliacha kufumua.

Wanaofuma wananielewa, wengine mnisikilize kidogo. Katika kazi hii muda wote kuna kitanzi kimoja tu kilicho hai, kile kilicho kwenye sindano. Mamia yaliyobaki nyuma yamefungana yenyewe. Ukichomoa sindano ukavuta uzi, kazi ya juma zima inarudi kuwa uzi kwa dakika mbili, trrr, bila mkasi na bila kulia. Sijui ufundi mwingine wa nyumbani unaosamehe namna hii. Keki iliyoungua haifumuliki. Gauni lililokatwa vibaya limekatwa. Mimi nikikosea mstari wa nne nikagundua mstari wa ishirini, navuta, nakunja donge upya, naanza, na kuna raha humo nisiyoweza kumweleza mtu wa benki. Tulipokuwa na oda, kila kosa likawa hasara. Nikaanza kuficha makosa. Nikaanza kufuma ua moja tu, lile ninalolijua nikiwa nimefumba macho, kwa sababu ua jipya lina makosa na makosa yana gharama. Ilipotimia mwaka nilikuwa nafuma haraka kuliko wakati wowote maishani na sijifunzi lolote. Nikamwomba binti afunge ukurasa. Akaniuliza, kwa maneno ambayo yule kijana angeyapigia makofi, kama sina mpango.

Msije mkadhani nina ugomvi na simu. Zamani ua la jirani ulilipata kwa kwenda kuketi naye, ukatazama mikono yake kwa wizi huku unasifia watoto wake, na kuna wamama waliokuwa wakikuona unahesabu wanageuza mgongo. Leo nafungua video ya mama mmoja anayezungumza lugha nisiyoielewa hata neno, nadhani ni Kirusi, uso hauonekani, mikono tu. Namrudisha nyuma mara kumi na tano na hanichoki. Jirani yetu wa Morogoro angeninyanyua kitini mara ya tatu. Tatizo ni kwamba video ikiisha, simu ileile haikuachi ukae na ulichokiona. Inakuletea mwingine anayekuonyesha namna alivyoacha kazi akatajirika kwa uzi, na mwingine, na mwingine, mpaka sindano iliyoko mkononi inaanza kukutazama kama mpangaji asiyelipa kodi.

Nakusikia, msomaji wangu wa Mbagala uliyekwisha kukunja gazeti. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu ana safu ya kuandika, ana TV ya ukutani, anatuhubiria tukae bure. Tena nitakuongezea silaha: Ireland, njaa kuu ilipowapiga katikati ya miaka ya 1840, masista waliwafundisha wanawake kazi hii hii ya sindano, na lesi zao zilizouzwa kwa matajiri zililisha familia nyingi. Sindano hii imeokoa watu. Uza, tena uza kwa bei ya haki, na anayekwambia "ni uzi tu" mwambie afume mwenyewe.

Lakini nakataa kwamba asiyeuza anadaiwa maelezo. Nakataa hasa kwamba mwenye dhiki ndiye asiyestahili kuwa na mfuko wa pili, kwamba kufanya jambo bila bei ni anasa ya wenye vyeo. Mama yangu alikuwa nao katika miaka ile ambayo chai tuliinywa bila sukari, na sidhani kama angeumaliza ule mfuko wa mchana bila ule wa usiku. Kwa hiyo, ukimkuta mtu anachonga, anapaka rangi, anapiga gitaa barazani, mwulize anachonga nini. Wimbo gani huo. Bei iache. Akiwa anauza atakwambia mwenyewe, wauzaji si watu wa kuficha.

Tulipokaribia Fire, kijana akafunga begi lake tayari kushuka aelekee Kariakoo. Nikamwuliza jioni akimaliza kuzunguka na makava huwa anafanya nini. Akachangamka kuliko alivyokuwa anaongelea mtaji. Anacheza drafti, kijiweni kwao Manzese, kwa vizibo vya soda, hadi saa nne usiku. Kuna mzee mmoja hajawahi kumfunga, ni mwaka wa tatu sasa anamtafuta.

"Na unaingiza shilingi ngapi?"

Akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. "Aaah, mama! Drafti ni drafti."

Milango ikafunguka, akapotea na begi lake. Nilipofika Kivukoni nikakitandaza kitambaa gotini na kukihesabu. Tangu Shekilango nilikuwa naruka vitatu badala ya viwili. Nikachomoa sindano, nikavuta.