Homa Moja, Maradhi Mengi

Chini ya neno homa, Kiswahili kimekusanya maradhi ambayo daktari asingeyatibu kwa namna moja. Homa ya manjano na homa ya dengi husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Homa ya matumbo ni ya bakteria wanaoingia kwa chakula na maji machafu. Homa ya ini ya aina ya B yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mgonjwa kuhisi joto lolote. Ukitafuta sifa moja iliyomo katika yote, huipati. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, aliliona hilo katika neno "mchezo": vinavyoitwa hivyo hufanana kama watu wa ukoo mmoja, pasipo alama wanayoshiriki wote. Nakubaliana naye, ila hoja hiyo haituambii jina pana litumike wapi na likome wapi. Kwangu mimi, jibu limo katika uamuzi unaotegemea jina hilo.

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya Afrika, mtoto akichemka alipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Dengi ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2014, dawa hiyo haikuwa na la kufanya dhidi ya kirusi chake. Basi, atauliza mtu, kwa nini tusiliache neno homa tukabaki na majina finyu? Kwa sababu jina finyu huja baada ya ushahidi. Mzazi anayemgusa mwanawe usiku wa manane hana hadubini. Homa ndiyo anayoijua kwa hakika, nayo yatosha kumpeleka zahanati. Tena ufinyu nao hudhuru. Utafiti uliofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wengi waliitenga degedege na homa ya malaria, hivyo mtoto aliyepatwa na degedege akapelekwa kwa mganga. Itasemwa kosa hapo lilikuwa la elimu, si la jina. Ni kweli kwa sehemu, lakini katika dharura watu hufuata jina kabla ya maelezo. Muuguzi anayeandika "homa" ameandika alichokiona. Akiandika "malaria" kabla ya kipimo, anayempokea mgonjwa baada yake hatakuwa na sababu ya kuuliza tena.